Kauli ya Kutendwa

Ubaoni naandika: piga, pigwa, pigika.
Vunja, vunjwa, vunjika.
Kikombe kikivunjika, nawaambia, hatumtaji mtu.
Lugha yetu ina huruma hiyo,
mambo mengine huachwa yajitendekee.

Nikifika kwenye toa, huwa naruka.
Mwaka wa kumi na saba huu, naruka.

Dada yangu Mejumaa alikalishwa kwenye keria
ya Foniksi ya Shekigenda, muuza mikate.
Tenga lilishushwa, likabaki barazani na mikate yake.
Khanga mbili kiunoni, ya tatu chini yake.
Mimi nilishika usukani. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu
na miguu isiyofika pedali, basi nikasukuma.

Barabara ya ishirini. Ya kumi na tisa.
Aliyezipa namba barabara za Ngamiani
hakujua kuna mtoto atazihesabu kinyumenyume.
Ya kumi na tano, penye bomba, akasema, "Taratibu, mashimo."
Ya kumi na moja akaacha kusema.
Ya saba, mwadhini alikuwa anakohoa kwenye kipaza sauti
kabla hajaanza.
Ya nne niligeuka, nikaiona njia yetu
imeandikwa kwa matone, nyumba hadi nyumba,
nikaomba mvua inyeshe watu hawajaamka.

Reli.
Kisha mpando wa Bombo.

Sitasema alikunywa nini, wala nani alimpa.
Hayo aliulizwa hata yakaisha.
Lakini mtaani walikuwa wamesema: Mejumaa katiwa mimba.
Katiwa. Kapachikwa. Kabebeshwa,
kama gunia, kama stempu kwenye bahasha.
Kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi;
anapita na kanzu iliyonyooshwa pasi,
anaamkiwa shikamoo, anaitikia.
Mimba ilipotoka ndipo sarufi ilipobadilika,
kila mtu akataka kujua nani.

Kitambulisho cha nesi kilikuwa kimegeuka, jina sikulisoma.
Hakuuliza panauma wapi.
"Imetoka," akasema, "au imetolewa?"
Mejumaa alikuwa anatazama feni isiyozunguka.
Nikaiona kalamu ikiandika: i, m, e, t, o.
Hapo ikasimama.
Nje, askari wa zamu alikuwa ananawa uso.
Kati ya ka na lewa
palikuwa na wodi, na palikuwa na gereza la Maweni.

"Ni tumbo langu," alisema dada,
si kwa nesi, si kwangu.

Nesi akatazama miguu yangu:
kiatu kimoja changu, kimoja cha Mejumaa.
Akaandika ka.

Baiskeli tuliirudisha imeoshwa.
Mikate ya siku ile Shekigenda aliigawa, hakuuza,
na mpaka anakufa hakuuliza.

Mwaka uliofuata, Saumu wa barabara ya tisa
hakupata baiskeli.
Msibani tuliambiwa malaria.
Tukaitikia malaria.

Mejumaa yupo. Anapika mbaazi,
anagombana na fundi cherehani juu ya urefu wa gauni lake mwenyewe.
Ana watoto wawili, kila mmoja alikuja alipoitwa.
Habari ile hatujaigusa, mimi na yeye,
ila akivuka barabara ya nne
naona anatazama chini.

Leo, kidato cha pili B, sikuruka.
Nimeandika toa. Nimeandika tolewa.
Chaki ikakwaruza, wakacheka.
Msichana wa dirishani,
ambaye joto lote hili la Tanga
hajavua sweta tangu shule ifunguliwe,
akanyoosha mkono nusu.
"Mwalimu, hapo nafsi ya kwanza inaruhusiwa?"

Kengele ikalia. Wenzake wakatoka.
Yeye nilimwambia abaki,
nikasogeza kiti,
nikaacha ubao bila kufuta.